Bidoni ya lita tano

Bwana mhariri,

Mimi ni mama wa hapa Lubumbashi, komini ya Kenya (Kenya yetu hii ya soko, si ile ya Nairobi), na naandika juu ya ile habari mlitoa siku zilizopita, yenye ilisema mwanamke akitoka kufanya matibabu ya kutafuta mtoto lazima "aoshe" mwili na dawa ya miti ili homoni zirudie nafasi yake. Ni hilo neno kuosha njo lilinikamata. Nilisoma mara mbili, nikaweka gazeti chini, nikacheka, kiisha nikakasirika, sababu mimi nimeoshwa. Nilioshwa na bidoni, dumu la lita tano, la dawa ya miti.

Niseme mbele kabisa, mimi si adui wa dawa ya miti. Kwetu mtoto akikohoa mama alikuwa anachemsha tangawizi na ndimu, tumbo likiuma kuna kongo bololo, yale majani machungu, nyuma ya nyumba, na hata leo nakunywa bila mtu kunisukuma. Lakini mlichoandika ni kitu kingine.

Sisi na bwana wangu tulikaa miaka saba bila mtoto. Mirija yangu ya uzazi iliziba. Kwetu Afrika mirija kuziba juu ya ambukizo la zamani lenye halikutunzwa vizuri ni moja ya sababu kubwa za kukosa mimba, na hii shida si ya mtu mmoja mmoja kama watu wanavyofikiri, OMS (Shirika la Afya Duniani) ilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani anapita mo katika maisha yake. Basi tukauza kiwanja chetu cha Ruashi, tukavuka mpaka wa Kasumbalesa, tukaenda kufanya FIV ng'ambo, ile ya kuunganisha yai na mbegu nje ya mwili.

Siku kumi na moja kila jioni sindano tumboni. Nilikuwa najidunga mwenyewe nimesimama karibu na friji, bwana anahesabu moja mpaka kumi kwa sauti kama vile tunarusha roketi, na kwenye kumi mimi nakuwa nimemaliza zamani. Ya mwisho, ile yenye inakomaza mayai, walitwambia saa tano ya usiku kamili, si na dakika moja zaidi, sababu saa 36 nyuma yake njo wanaingia kuyachukua. Walipata mayai tisa. Mawili njo yaliungana na mbegu ya bwana yakafaa kuwekwa tumboni.

Sasa sikilizeni hapa, sababu njo kiini cha barua yangu. Nilishindwa kungoja. Siku ya tisa tangu ile sindano ya mwisho nilinunua vile vijiti vya kupima mkojo, nikaona mistari miwili, wa pili mwepesi lakini upo. Bwana alipigia simu watu wanne kabla ya mimi kutoka chooni! Siku ya kumi na moja nikapima tena, mstari ulikuwa umefifia, lazima uinamishe kijiti kwenye mwanga wa dirisha ndio uuone. Siku ya kumi na tatu hakuna kitu. Munganga, daktari wa kliniki, akanieleza polepole: ile haikuwa mimba, ilikuwa sindano yenyewe, sababu ile dawa ni homoni ileile ya mwanamke mwenye mimba, inakaa mwilini kama siku kumi mpaka kumi na nne kiisha inaisha. Kipimo cha damu kikaja kuthibitisha, hakuna.

Nililia siku tatu, hiyo tuipite. Lakini nyuma yake nikafikiria vile vijiti vitatu. Si niliona kwa macho yangu dawa inatoka? Hakuna mti nilikunywa, hakuna mvuke, hakuna kitu. Maini na figo zilifanya kazi yake huku mimi nalala. Nilikuwa na ushahidi nimeufunga kwenye karatasi ya chooni ndani ya sakoshi yangu, na bado, siku tulirudi Lubumbashi, nilikubali bidoni.

Mama mukwe aliileta mwenyewe na taksi. Ni mama muzuri, ananipenda, kwa miaka saba hakunitukana hata siku moja, na nyie mnajua hilo ni jambo nadra. Akaniambia, "Mwanangu, bile bisindano biko binalala mu damu. Tubitoshe, njo mwezi irudie vizuri." Nikajaribu kumueleza vile munganga alinieleza, kwamba kuna sindano kati ya zile zenye hata hazitengenezwi na kemikali, wanazitoa kwenye mkojo wa wanawake wenye mimba, na zingine kwenye mkojo wa wamama waliokwisha kukoma hedhi, wanasafisha, wanaweka kwenye chupa. Akanyamaza kidogo akaniangalia. Kiisha akasema, "Basi njo mubaya zaidi."

Sikuwa na jibu.

Rangi ilikuwa ya mafuta ya motere yenye yametumika. Glasi asubuhi, glasi jioni. Siku ya pili nilikuwa nakimbia chooni mpaka magoti yanatetemeka, midomo imekauka, nikisimama naona giza, wakanipeleka kuweka serumu (dripu). Muuguzi akauliza ndani kulikuwa nini ili wajue wananitunza aje, bwana akapiga simu kwa muuzaji sokoni, na muuzaji akajibu "miti saba". Miti gani? Siri ya babu. Nilikuwa na bahati kwamba tumbo langu halikuvimba kwa zile sindano. Kuna wanawake ovari zinashtuka mno, zinavimba, maji yanatoka kwenye mishipa ya damu yanaingia tumboni, uzito unapanda kwa siku moja mbili, unatapika, mkojo unakuwa kidogo, pumzi inakuwa fupi. Huyo damu yake imekwisha kupungukiwa maji. Sasa umpe dawa ya kuharisha juu yake? Huyo ni wa kukimbiza lopitali, si wa kupewa bidoni. Na yule mwingine mwenye pengine ana mimba kweli na hajajua bado, naye anakunywa miti saba ya siri.

Vile ninavyoielewa mimi, homoni za mwanamke haziko kama sufuria yenye masizi. Kuna tezi ndogo chini ya ubongo, hiyo njo inaambia ovari kazi ya kila mwezi. Wakati wa sindano ni sawa vile mgeni ameingia nyumbani na kipaza sauti, mwenye nyumba ananyamaza. Mgeni akitoka mwenye nyumba anaanza kusema tena, lakini hasemi saa ileile. Ukiacha ile projesteroni wanayokupa, homoni ya kushika mimba, damu inakuja ndani ya siku chache, mara nyingi haipiti wiki mbili, na inaweza kuwa nyingi na ya maumivu kuliko ulivyozoea. Mwezi unaofuata unaweza kuchelewa. Wengi wanarudia kawaida ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ikipita wiki sita hakuna kitu, pima mimba, kiisha rudi kwa munganga aangalie prolaktini (homoni ya maziwa) na tezi ya shingo, sababu hapo pengine kuna jambo lingine na ukilifunika na majani unapoteza muda, na sisi wa FIV muda njo kitu hatuna.

Habari yenu ilisifu pia kapsuli za viteksi. Huo ni mti wa kule pande za Mediterania, na hautaniwi, unagusa prolaktini, ndiyo maana anayetaka kurudia matibabu lazima amwambie munganga kama anautumia. Milepertui nayo, ule mmea wenye wanauza kwa watu wenye huzuni, unapunguza nguvu ya dawa nyingi, hata pilule (vidonge vya kuzuia mimba), na kliniki nyingi zinatoa pilule mbele ya kuanza sindano. Na kile kiazi kikuu cha pori mlichosema "kina projesteroni"... hapana jamani. Kuna viazi vikuu vya Mexico, kweli, Russell Marker alivitumia miaka ya 1940 kutengenezea projesteroni, lakini alitengeneza kwenye laboratuari, kwa hatua za kemia. Tumbo la mtu haliwezi kufanya hiyo kazi. Ukikila umekula kiazi.

Halafu kuhusu kujifukiza na kujiosha ndani kule chini, tafadhali muache kuandika. Mayai yanachukuliwa na sindano yenye inapita ukeni, kuna kidonda, na kusukuma maji ya majani mule ndani ni kupandisha vijidudu kule kwenye mirija. Tunarudi kwenye shida yenye ilinipeleka Kasumbalesa.

Sasa mimi nilifanya nini? Nilipoteza damu nyingi ule mwezi wa kwanza, basi nilikula: lengalenga, sombe, maharagi, ndagala, bukari kama kawaida. Chai nikaitenga na chakula sababu inazuia mwili kuchukua ile feri (madini ya chuma) ya kwenye mboga, na pemba, ule udongo wa kula, nikaacha (ee, nilikuwa nakula pemba, na mimi si peke yangu) sababu nayo inafanya vilevile. Usiku nikawa nalala mapema, simu inabaki sebuleni. Tangawizi yangu nikaendelea nayo kama zamani. Mtu akitaka kuita hiyo dawa ya asili mimi nakubali na mikono miwili.

Tena niulize kitu kimoja: katika habari yote ile hakukuwa na glasi hata moja ya bwana. Katika nusu ya ndoa zenye zinakosa mimba kuna kitu upande wa mwanaume, peke yake au pamoja na mke, lakini anayeoshwa ni mke.

Ninachoomba kwenu ni kidogo. Mkiandika tena juu ya dawa ya miti, andikeni jina la mti, sehemu gani ya mti, kipimo gani, na nani asiikunywe. Muuzaji akisema ni siri, basi na gazeti lisiitangaze.

Ile bidoni, lita nne na zaidi zilibaki, nilizimwaga chini ya mupapai usiku mama mukwe akiwa kanisani. Mwezi wangu ulirudi siku ya 34, vizuri kabisa. Nikamwambia, akapiga makofi, akasema si nilikwambia, ile dawa inafanya kazi, na ameagiza ingine kwa ajili ya wifi yangu. Anasoma gazeti lenu kila wiki, kwa hiyo leo atajua. Mupapai haujafa.

Mama wa komini ya Kenya, Lubumbashi