Barua kwa Mwanangu: Kuhusu 2,147,483,647

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lake limenikaa moyoni wiki nzima: mtu anawezaje kuwa na hakika kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa, ilhali wewe uliigawa kwa 3, 7, 11 na 13 ukachoka kabla hujafika popote?

Hukukosea njia. Ungetosheka kufika kwenye kipeuo chake cha pili, yaani 46,340 na kidogo, lakini chini ya hapo namba tasa zinapita 4,700. Mwanahisabati Leonhard Euler, aliyethibitisha kwamba namba hii ni tasa mwaka 1772 macho yake yakiwa yamepofuka karibu kabisa, hakuzijaribu zote. Aliitazama kwanza namba yenyewe, ambayo ni 2 kipeo cha 31 ukitoa 1.

Hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo penye uzuri wote. Tuseme namba tasa fulani, tuiite q, inaigawa bila baki. Anza na 1, zidisha kwa 2 tena na tena, na kila mara uchukue baki tu la kugawanya kwa q. Hatua ya 31 itakurudisha kwenye 1. Mzunguko huo hauwezi kuwa mfupi zaidi, kwa sababu urefu wake ungelazimika kuigawa 31, nayo 31 ni tasa. Mabaki yote yasiyo sifuri, ambayo idadi yake ni q − 1, hujipanga katika mizunguko ya namna hiyo, kila mmoja wenye mabaki 31, wala hakuna linalosalia nje. Kwa hiyo 31 inaigawa q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, hata 62 inaigawa.

Jaribu kwa namba ndogo uone. 2 kipeo cha 11 ukitoa 1 ni 2,047, ambayo si tasa ijapokuwa 11 ni tasa: ni 23 mara 89, na kila kimoja kati ya vigawanyo hivyo kinazidi kigawe cha 22 kwa 1. Mimi nilipoliona hili mara ya kwanza niliacha kalamu nikatulia.

Kuna sharti jingine, ambalo uthibitisho wake nitakuandikia siku nyingine: q ikigawanywa kwa 8 lazima ibakize 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti yote mawili, q ikigawanywa kwa 248 itabakiza 1 au 63, na namba tasa za kujaribu hazifiki hata 100. Hiyo ni kazi ya siku chache kwa mtu mvumilivu, nami najua wewe ni mvumilivu.

Ya kwanza ni 311. Nimeigawa kwa mkono, nikapata 6,905,092 na baki 35. Inayofuata ni 1,303, nami nasubiri baki lako.

Mzazi wako akupendaye.