Usiniambie Utangoja

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na bibi yako anakupa salamu nyingi. Jana usiku nilikusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza, na kwa kuwa kwenye simu huwa unanishinda kwa maneno, nimeona heri nikuandikie. Uliniambia kwamba watu wa mtaa wamekuomba ugombee udiwani, nawe ukawajibu kwamba unakwenda kwanza Washington kuwa msaidizi wa mbunge, na kwamba kiti kitangoja. Kazi hiyo ni heshima kwetu sote, na babako ameshaitangaza msikitini kabla hata hujatia sahihi. Lakini neno hilo la kungoja limeninyima usingizi.

Nilipokuwa nikisomea mtihani wa uraia kulikuwa na swali: Susan B. Anthony alifanya nini? Jibu lake ni kwamba alipigania haki za wanawake, nami nililikariri wakati wa mapumziko ya zamu ya usiku, nikafaulu. Kijitabu hakikunieleza kwamba mwaka 1872 mama huyo alipiga kura mjini Rochester, akakamatwa, akatozwa faini ya dola 100, na akakataa kulipa hata senti moja; wala hakikunieleza kwamba alifariki mwaka 1906, miaka 14 kabla ya Marekebisho ya 19 ya Katiba yaliyowapa wanawake haki ya kupiga kura. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanawake waliambiwa kwamba ile ni saa ya wanaume Weusi, wao wasubiri. Na saa yao ilipokaribia, wanawake Weusi nao wakaambiwa na wenzao weupe wasubiri. Tarehe 3 Machi 1913, katika maandamano ya kudai kura ya wanawake yaliyofanyika huko huko Washington unakokwenda, mwandishi wa habari Ida B. Wells aliambiwa atembee nyuma kabisa pamoja na Weusi wenzake. Alikataa. Alisimama kando ya barabara katikati ya umati, na wajumbe wa Illinois walipopita akajitoma miongoni mwao, akaenda nao. Nimeisoma habari hii mara nyingi. Ningekuwa mimi ningekwenda nyuma, na wewe unalijua hilo.

Na usiidharau barua ya mama. Mwezi Agosti 1920 majimbo 35 yalikuwa yamekwisha kuyakubali Marekebisho hayo, likahitajika moja tu, na macho yote yakaelekea kwenye bunge la Tennessee, ambako waliounga mkono walivaa waridi la manjano na waliopinga wakavaa jekundu. Harry Burn, kijana wa miaka 24, mdogo kuliko wabunge wenzake wote, alikuwa na jekundu kifuani; lakini mfukoni alikuwa na barua ya mamake, Febb, mjane wa huko Niota. Ilikuwa kurasa saba, mwanangu, na nyingi zilijaa habari za nyumbani kama hizi ninazokuandikia. Na katikati ya habari hizo akamwambia awape wanawake kura yake, asiwaache watu katika shaka. Hoja ya kuliahirisha jambo ilikuwa imefungana, 48 kwa 48. Ilipofika kura yenyewe, Harry akasema ndiyo, Marekebisho yakapita, na kesho yake akawaeleza wenzake kwamba ushauri wa mama ndio ulio salama zaidi kwa mwanawe kuufuata.

Hata hivyo, kungoja hakukuisha kwa watu wa rangi yetu. Fannie Lou Hamer alikuwa mtoto wa 20 na wa mwisho wa wakulima maskini wa Mississippi, na mpaka mwaka 1962 hakuwa amejua kwamba mtu Mweusi anaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura. Alipojua, alipanda basi na wenzake hadi Indianola kujiandikisha. Siku ile ile mwenye shamba alilolitumikia miaka 18 akamwambia aliondoe jina lake au ahame, naye akahama usiku huo huo. Mwaka uliofuata alipigwa katika jela ya Winona hadi figo yake ikaharibika. Ile fomu uliyoikuta kwenye droo ya bili usiniulize tena. Nimeijaza juzi, na nimeipeleka kwa mkono wangu.

Ulimi unao tangu udogoni, na ninajivunia, ingawa hujawahi kunisikia nikisema hivyo. Siku ile nilipokuvuta mkono ukae chini, mbele ya wazazi wote, sikukuonea haya, niliogopa tu. Huenda ni hapo ulipojifunza kungoja huku. Unasema huna fedha wala jina. Shirley Chisholm, mtoto wa wahamiaji, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1968 kutoka Brooklyn, na mwaka 1972 akagombea urais kwa fedha kidogo sana. Ilhan Omar alikaa kambi ya wakimbizi ya Utange, mwendo mfupi tu kutoka kwetu Mombasa, na alipoingia Bungeni mwaka 2019 ndipo kanuni ya mwaka 1837 ya kukataza kufunika kichwa ukumbini ilipobadilishwa. Ukubaliane naye usikubaliane naye, hakungoja kanuni ibadilike ndipo agombee.

Bibi yako amebadilishiwa dawa za presha na anazilalamikia. Sambusa nimekuwekea kwenye friza, zipitie kabla hujaondoka, na babako anataka sanduku lake kubwa lirudi. Koti zito lichukue hata kama Washington hakuna theluji kama ya huku Minnesota. Tarehe ya mwisho ya kuandikisha wagombea nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni, chini ya siku ya bibi ya kliniki. Nipigie Jumamosi baada ya alasiri, nitakuwa nimeamka, uniambie umewajibu nini wale watu.

Ni mimi, mamako.