Malalamiko: Mmeniuzia hisa zilizododa mkaziita tulivu

Biashara Street, Mombasa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: KAPU LA HISA NILILOPANGIWA NA AKILI UNDE YENU

Mimi ni muuza leso. Mwezi wa Januari niliweka shilingi 180,000 kwenye programu yenu, akiba ya karo ya binti yangu. Maswali yenu niliyajibu wazi: pesa nitazihitaji Septemba, na hatari siitaki. Programu ikanipangia kapu ambalo zaidi ya nusu yake ni hisa za kampuni mbili ndogo, pembeni zimeandikwa kwa kijani, "tulivu".

Septemba nikabonyeza "uza". Siku ya kwanza kimya. Siku ya tatu zikatoka hisa 200 tu. Dalali mmoja wa hisa akanionyesha idadi iliyokuwa ikiuzwa kila siku: sufuri, sufuri, 100, sufuri. Kumbe bei haikusonga kwa kuwa wanunuzi hawakuwapo. Leso ikikaa rafuni mwaka mzima kwa bei ile ile, sisi twasema imedoda.

Na nyinyi mlipaswa kulijua hili. Soko la Hisa la Nairobi lina kampuni 60 hivi, na nyingi hisa zao hazigombaniwi. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa Julai 2020, zikarudi sokoni Januari 2025. Muda wote huo bei haikutikisika, na mwenye nazo hakuweza kuziuza sokoni. Mashine inayopima hatari kwa mtikisiko wa bei peke yake ingezipa rangi gani? Hata ile grafu yenu inayoonyesha faida ambayo kapu hili lingeleta miaka iliyopita sasa naitilia shaka, maana hesabu ya kompyuta huuza kwa bei iliyoandikwa kana kwamba mnunuzi yuko mlangoni.

Karo nimelipa kwa kuweka rehani bangili za marehemu mamangu. Nimewaandikia mara tatu, na mara zote nimejibiwa na mashine.

Nataka mtu anijibu kwa maandishi: je, programu yenu huangalia idadi ya hisa zinazouzwa kabla ya kumchagulia mteja? Nirudishieni ada zote za kila mwezi mlizonikata, na mliondoe neno "tulivu" kwenye hisa hizo leo, kabla mwingine hajaweka karo ya mwanawe. Nisipojibiwa kwa siku 14, barua hii nitaipeleka kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Wenu,
Mteja, Mombasa