Kimo cha marehemu kiandikwe na kiasi cha kukosea

Mhariri,

Kila inapookotwa mifupa ya binadamu, taarifa huja na sentensi ileile: ni ya mwanamume mwenye kimo cha sentimeta 168. Naomba gazeti lako liache kuandika hivyo. Aliyepotelewa na kaka mwenye sentimeta 173 akisoma hapo hufunga gazeti akaendelea kutafuta kwingine, kumbe huenda ndiye.

Hiyo 168 mara nyingi hutoka kwenye mfupa wa paja. Watafiti wa Marekani Mildred Trotter na Goldine Gleser walichapisha kanuni zao za kukadiria kimo kwa mifupa mwaka 1952, na kwa wanaume walitegemea askari wa Marekani waliokufa katika Vita Kuu ya Pili, ambao kimo chao kiliandikwa walipoingia jeshini. Kwa askari Wazungu, urefu wa mfupa huo huzidishwa kwa 2.38, kisha hujumlishwa 61.41. Mfupa wa sentimeta 45 unatoa 168.5. Lakini kanuni ina mkia ambao magazeti huukata: zaidi au pungufu kwa 3.27. Na mkia huo hufunika takriban watu wawili tu katika kila watatu. Ukitaka kufunika 95 katika 100, uongeze mara mbili. Hapo marehemu ana kimo chochote kati ya 162 na 175. Mfupa huohuo ukiupeleka kwenye kanuni yao ya askari Weusi, unapata 165.3. Mfupa ni uleule, kilichobadilika ni dhana yetu kuhusu kundi alikotoka.

Tena kuna kisa cha muundi, mfupa mkubwa ulio chini ya goti. Mwaka 1995 mtafiti wa mifupa Richard Jantz na wenzake walionyesha kwamba Trotter, alipopima, aliacha ncha ya chini inayofanya kifundo cha ndani cha mguu, ingawa maelezo yake mwenyewe yalisema ihesabiwe. Kwa miaka 40 na ushei, aliyefuata maelezo kwa uaminifu, akaihesabu ncha hiyo, ndiye aliyemrefusha marehemu kwa sentimeta mbili tatu.

Kuhusu jinsia, nyonga ya mtu mzima ikiwa imesalimika, sina ugomvi mkubwa. Ikikosekana, tunashika kichwa cha mfupa wa paja: kipenyo kikipita milimita 48 inaelekea mwanamume, kikiwa chini ya 42 inaelekea mwanamke, na wengi wamo humo katikati. Mtoto ambaye hajabalehe, mifupa yake kwa macho na rula haisemi kitu cha kuaminika. Hapo ni vinasaba.

Mwaka 1940 mifupa iliokotwa kisiwa cha Nikumaroro, katika Bahari ya Pasifiki, na mwaka uliofuata daktari D. W. Hoodless akaipima huko Fiji, akasema ni mwanamume. Mwaka 2018 Jantz alirudia hesabu, akadai vipimo vinamwelekea zaidi Amelia Earhart, rubani mwanamke aliyepotea 1937. Mifupa yenyewe ilishapotea na ubishi haujaisha. Ila ubishi huo umewezekana kwa sababu Hoodless aliandika namba alizopima, si hukumu yake peke yake.

Basi taarifa ijayo isomeke hivi: "inaelekea mwanamume, kimo kati ya sentimeta 162 na 175, kwa kipimo cha mfupa wa paja." Nafasi itakayoongezeka haifiki mstari mmoja.

Mpimaji wa mifupa mstaafu