Mwaka 2024 ulikuwa wa Arbantone, hata huku Malindi

Mhariri,

Nimeufuatilia kwa makini mjadala wa wasomaji wenu kuhusu aina ya muziki iliyoupa mwaka 2024 sura yake, na nimeona kwamba wengi wamegawanyika pande mbili, wa Amapiano ya Afrika Kusini na wa Bongo Fleva ya Tanzania, huku wachache waliothubutu kuitaja Arbantone, muziki wa vijana wa Nairobi unaojengwa juu ya midundo ya zamani, wakijibiwa kwa kejeli kwamba huo si muziki bali ni wizi wa midundo. Mimi ni mkodishaji wa vyombo vya muziki hapa Malindi, kazi niliyoianza zama za kanda, na kwa kuwa riziki yangu inategemea kujua ni wimbo gani utakaowainua watu vitini, naomba nafasi niwatetee hao waliokejeliwa.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Lau swali lingekuwa ni muziki upi uliosikika kwa saa nyingi zaidi, ningekubali mara moja kwamba ni Bongo Fleva, kwa maana tuktuk zinazotoka Muyeye kwenda mjini hazipigi kingine tangu alfajiri hadi usiku. Lakini Bongo Fleva imekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni kama wali katika sinia la arusi: haukosekani, na hakuna mgeni anayerudi kwake akasimulia kwamba alikula wali. Muziki wa mwaka, kwa mizani yangu, ni ule ambao mtu akiusikia miaka ishirini ijayo atasema papo hapo, "Huu ni wa mwaka ule", na akumbuke alikuwa wapi na nani.

Kwa mizani hiyo Amapiano nayo haifui dafu. Ilizaliwa katika vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, yapata muongo mmoja uliopita, na ilipofika 2021 besi yake ilikwisha kuwa kitoweo cha kila prodyuza wa Dar es Salaam. Hata Diamond Platnumz alipotamba 2024 kwa "Komasava", mmoja wa walioshirikiana naye katika wimbo huo ni mwimbaji Chley wa Afrika Kusini, na mdundo ulikuwa wa huko huko. Wapo wanaotaja pia tuzo ya Grammy aliyopewa Tyla, mwimbaji wa Afrika Kusini, mwezi wa Februari mwaka huo, wakisahau kwamba wimbo uliotuzwa ulitoka 2023. Muziki huu naupenda, na hoteli za Watamu zinaponikodi ndio unaonilipia mafuta ya jenereta, ila kuuita wa 2024 ni sawa na kumwita mtoto aliyeanza shule mtoto mchanga.

Arbantone ilikuja vingine. Vijana wa mitaa ya Nairobi, waliorithi uwanja ulioachwa wazi na Gengetone, muziki wa vijana wa Nairobi ulioutangulia, iliyoanza kwa kishindo 2018 kisha ikafifia, walichukua midundo ya dancehall ya Jamaika na ya nyimbo zilizovuma Nairobi wenyewe wakiwa bado wanatambaa, wakaikatakata, wakaitilia Sheng' ya leo. Mwezi wa Juni ulipofika na vijana wakamiminika barabarani kuupinga Mswada wa Fedha wa 2024 uliotaka kuongeza kodi, wimbo uliokuwa midomoni mwao ni "Anguka Nayo" wa Wadagliz, wimbo ambao haukutungwa kwa ajili ya siasa hata kidogo bali kwa ajili ya kucheza. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, damu ikamwagika, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Tangu hapo sijaweza kuupiga wimbo ule katika sherehe yoyote bila kuona uso mmoja au miwili ikibadilika, na wengine wakiinua simu juu kana kwamba wamo katika msafara. Kuna aina gani nyingine ya muziki iliyobeba uzito huo mwaka huo?

Sasa nije kwenye shutuma ya wizi, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Inanishangaza kuisikia ikitoka kwa watu wa pwani, tena watu wa makamo kama mimi, waliolelewa kwa sauti ya marehemu Juma Bhalo. Mzaliwa huyu wa Malindi, aliyefariki 2014, alijijengea jina kwa kuyachukua mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi na kuyavisha ushairi wa Kiswahili, na hakuna aliyemwita mwizi. Kinyume chake, raha yenyewe ilikuwa pale pale: unatoka sinema na mahadhi kichwani, halafu siku chache baadaye unayakuta arusini yakizungumzia mapenzi ya mtu wa Mombasa. Waliotaka ladha ya Kiarabu walimwendea Zein l'Abdin wa Lamu na udi wake, na mabishano ya mashabiki wa pande hizo mbili yalikuwa makali kuliko haya yetu ya sasa. Sisi tumekulia katika utamaduni wa mahadhi ya kuazima na maneno ya kwetu. Iweje kijana wa Nairobi akifanya hivyo kwa mdundo wa Jamaika aonekane amevunja nyumba?

Nimeshuhudia nguvu ya kuazima huko kwa macho yangu. Katika arusi moja mwishoni mwa mwaka, ukumbi ulikuwa umelala, kina mama wamekaa na pochi zao mapajani wakingoja taarabu wapate kutunza, nami kwa kuchoka nikaweka Arbantone bila ya kutazamia lolote. Mabibi wa miaka arubaini na ushei wakainuka kabla ya wasichana wao, kwa sababu mdundo ule waliucheza wenyewe walipokuwa wanawali. Walicheza vizuri sana, mpaka maneno yakaanza. Shangazi mmoja akanijia mbio, akaniambia, "Kaka, rudisha nyuma pale pa ngoma tupu, hayo maneno tuondolee." Nikaurudisha mdundo, nao wakaendelea mama na binti katika duara moja, jambo ambalo kwa Amapiano sijaliona.

Suala la maneno silikwepi. Nyimbo nyingi za aina hii zina lugha ambayo haipigwi mbele ya wazee, na ninaweka flashi mbili, moja ya arusi na nyingine ya vijana peke yao. Mwenye kusema kwamba taarabu haikuwa na matusi, hata hivyo, ajiulize mipasho ilikuwa na maana gani. Tofauti ni kwamba mafumbo ya zamani yalimpa mtu nafasi ya kujifanya hakusikia. Ufundi huo vijana hawa hawana, na hapo wakosoaji wao wana haki.

Wana haki pia kuhusu malipo, ingawa hawalisemi. Mwenye mdundo wa asili akiyadai yake, wimbo unaweza kuondolewa YouTube hata ukiwa umetazamwa na umati, na kijana akabaki mikono mitupu. Ningependa waandishi wa barua hizi wanaopiga kelele za wizi wadai kwamba msanii wa Nairobi wa miaka ile, ambaye wimbo wake umefufuliwa, apate chake kwa utaratibu unaoeleweka, badala ya kudai kwamba wimbo mpya usipigwe. Hilo ni la kisheria na lina dawa, wala halibadilishi jibu la swali mliloliuliza.

Ikiwa bado yupo msomaji anayeshikilia kwamba 2024 ulikuwa mwaka wa Amapiano, ninamwomba atutajie wimbo mmoja tu wa Amapiano ulioimbwa barabarani tarehe 25 Juni.

Mkodishaji wa vyombo vya muziki,
Muyeye, Malindi.