Barua kwa mwanangu: gari linachemsha mlimani, foleni halichemshi

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Toyota Premio yako imefungwa rejeta nyingine, thamostati nyingine (kile kivalvu kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto) na feni nyingine, na bado ukianza kupanda mlima Kitonga mshale wa joto unapanda nao. Sasa fundi anataka kushusha silinda hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda. Mwambie asubiri kwanza. Hela yote hiyo imetoka bila mtu kuuliza mambo mawili: gari linachemsha wakati gani, na maji yanayopungua yanakwenda wapi.

La kwanza umelijibu mwenyewe. Foleni ya Ubungo unakaa na AC imewaka, mshale hautikisiki. Basi feni haina kesi. Gari likiwa limesimama, upepo wote unaopita kwenye rejeta unatoka kwa feni, kwa hiyo feni mbovu huchemsha gari foleni na likishika barabara kuu linapoa. Lako linafanya kinyume. Linachemsha injini inapobeba mzigo, na hapo watu wa kuwashuku ni wengine.

La pili nalo umelitaja, ila naona hukulipa uzito. Umesema asubuhi kitanki cha akiba kimejaa hadi juu, lakini ukifungua rejeta unaongeza karibu nusu lita. Hapo ndipo pa kuanzia, mama. Maji yakipata moto yanavimba, mfuniko wa rejeta unayaruhusu kutoka kwenda kwenye kitanki. Injini ikipoa, rejeta inayavuta yarudi. Yako yanakwenda, hayarudi. Sababu ni tatu tu: mfuniko umekufa, kale kampira kanakokwenda kwenye kitanki kanavuta hewa, au kuna gesi kutoka kwenye silinda inayoingia kwenye maji na kuyasukuma nje.

Anza na mfuniko, injini ikiwa imepoa kabisa. Soma namba iliyogongwa juu yake, ndiyo presha inayoishika. Premio yenye injini ya 1NZ inataka 1.1. Ukikuta 0.9, si wake. Chini una mpira mkubwa na katikati kivalvu kidogo. Kivute kwa ukucha: kifunguke, ukikiachia kirudi chenyewe. Mpira ukiwa mgumu, umepasuka au umeacha alama ya kuzama, tupa. Usiudharau kwa sababu ni wa bei ndogo. Pale Dar maji matupu yanachemka kwa nyuzi 100. Mfuniko mzima wa 1.1 unaisogeza hiyo hadi karibu 120. Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko usioshika presha unakunyang'anya akiba hiyo yote, na mlimani ndiko unakoihitaji. Kampira ka kitanki kachunguze ncha zote mbili, hakikisha hakajapasuka na kwamba ndani ya kitanki kanafika chini kabisa, majini.

Hayo yakiwa sawa, nenda kwenye gesi. Kipimo cha kwanza hakina gharama. Asubuhi kabla ya kuwasha, minya hozi ya juu ya rejeta. Inatakiwa iwe laini. Ikiwa bado ngumu baada ya kulala usiku kucha, kuna presha isiyo ya kawaida. Kisha washa, mfuniko ukiwa umefungwa, endelea kuishika. Ikikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji bado ni ya baridi, hakuna joto linaloweza kufanya hivyo. Ni gesi ya silinda, na gasketi ya silinda hedi imeanza kupitisha.

Lakini ikibaki laini usishangilie. Gasketi ikiwa na njia ndogo, ukiwa silensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, haivuji. Inafunguka pale tu silinda zinapopigwa na mzigo. Ndiyo maana gari la namna hiyo linaweza kuzunguka mjini wiki nzima bila tatizo, likachemsha Kitonga. Kwa hiyo mwombe fundi mwenye kile kipimo cha dawa ya bluu kinachonusa gesi kwenye rejeta akupimie mara baada ya kuliendesha kwa mzigo, si baada ya kulala gereji. Injini ipoe kiasi cha kufunguka kwa usalama, apunguze maji kidogo pale juu ya rejeta ili kipimo kivute hewa na si maji, iwashwe, avute kwa dakika kadhaa. Kwa injini ya petroli, dawa ikigeuka njano kuna gesi ya moshi. Ikibaki bluu, arudie siku nyingine baada ya mlima mwingine kabla ya kusema gasketi haina kosa.

Kingine, cha kutafuta maji yanapovujia, ni pampu ya presha. Inafungwa mahali pa mfuniko injini ikiwa baridi, inajazwa hadi 1.1, inaachwa. Mshale wake ukishuka na chini hakuna tone, angalia zulia la upande wa abiria kama limelowa, maana rejeta ndogo ya hita iko huko. Zulia likiwa kavu, iachwe ilale na presha. Asubuhi plagi zote nne zitolewe, moto na mafuta vikatwe, injini izungushwe kwa staata sekunde chache. Tundu litakalorusha maji ndilo lenye kosa. Na plagi yenyewe huwa inasema: tatu zina rangi ya kahawia, moja imeoshwa ikawa nyeupe.

Fundi akikuonyesha utando kama maziwa chini ya mfuniko wa oili akasema "unaona, gasketi", usikubali haraka. Gari linalokwenda safari fupi fupi hupata huo kwa jasho la injini tu. Chomoa dipstiki. Oili ya kwenye dipstiki ikiwa safi, huo si ushahidi.

Tuseme gesi haipo. Basi joto halitoki. Mtu aishikilie injini iliyopata moto kwenye mizunguko 3,000 hivi kwa dakika, wewe tazama hozi ya chini, mikono na nguo mbali na belti na feni. Hozi ya chini iko upande wa kuvutwa na pampu; ikilainika inanyonywa na kubana katikati, maji yanakatika. Ukiachia mafuta inarudi kama kawaida, na aliyetazama gari likiwa silensa haoni kitu.

Kuhusu hiyo rejeta "mpya": ni mpya dukani, au ni ya mtumba? Kama ile ya zamani bado iko gereji, pima unene wa zote mbili kwa rula. Za bandia nyingi ni nyembamba, mjini zinatosha, mlimani hazitoshi. Uliza pia kama walisafisha kati yake na kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele yake. Vumbi, nyasi na wadudu hukaa hapo katikati, na kwa mbele huoni chochote. Na kava la plastiki la chini ya bampa, lipo? Mafundi wakilitoa hawalirudishi. Ukiwa kasi, upepo unakimbilia chini ya gari badala ya kupita kwenye rejeta.

Thamostati, muulize waziwazi: alibadilisha au aliitoa tu? Kuitoa ni ugonjwa wa gereji zetu. Injini inakosa joto lake, inakula mafuta, na kwenye injini ambazo thamostati ina sahani ya pili ya kuziba njia ya mkato, ukiitoa maji ya moto yanazunguka ndani bila kufika kwenye rejeta. Kuipima, itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji, isiguse chini, na kipimajoto kando. Ya kwako inaanza kufunguka kati ya 80 na 84, na kwenye 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ukipimia Mbeya utakwama, maji yatachemka kabla ya kufika hapo. Fanya Dar.

Wota pampu ya 1NZ iko nje, inazungushwa na belti. Itikise puli, tafuta alama za kulanti (ile dawa ya rangi ya maji ya rejeta) iliyokauka chini ya kale katundu ka kuvujia ka pampu. Kama gari limekuwa likijazwa maji ya kisima, mapanga ya ndani yanaweza kuwa yameliwa na kutu huku nje ikionekana nzima. Hilo huthibitishi bila kuishusha.

Kurudisha maji: mfumo unachukua lita 5 na ushee, nusu kulanti, nusu maji yaliyokenekwa (distilled). Ukitumia yale ya dukani ya betri, soma chupa mara mbili, maana asidi nayo inauzwa rafu hiyo hiyo. Usichanganye kulanti nyekundu na ya kijani. Inua pua ya gari, hita weka moto wa mwisho, washa bila mfuniko, minyaminya hozi ya juu huku ukiongeza, mpaka hita itoe upepo wa moto na mapovu yaishe. Mapovu yasiyoisha hata kidogo, rudi kwenye habari ya gesi.

Njiani usiutegemee sana ule mshale. Kwenye Toyota hizi umetengenezwa utulie katikati hata joto likitofautiana sana, ukisogea juu umeshachelewa. Na ukiona umepanda halafu ghafla umeshuka wakati injini inapoteza nguvu, si kupoa: maji yameisha na sensa inapima hewa. Zima hapo hapo. Mfuniko usiuguse kwa nusu saa na zaidi, wala usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hedi itapasuka.

Ikithibitika ni gasketi, hedi ipelekwe kwenye mashine ipimwe kwa rula iliyonyooka na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, pande zote na kwa mshazari. Upindaji usizidi milimita 0.05. Boliti zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kwa nyuzi za kuzungusha zilizoandikwa kwenye kitabu, si kwa mkono wa uzoefu. Dawa ya kuziba uvujaji asimwage hata tone, itaziba rejeta uliyoinunua juzi.

Kesho kabla hujawasha, minya hozi ya juu unipigie: laini au ngumu. Na nitumie picha ya namba ya mfuniko na ya plagi nne zimepangwa kama zilivyokaa, kuanzia upande wa belti. Safari ya Mbeya panda basi.

Baba yako