Barua kwa mwanangu: ukitaka kusaini na wale, saini

Mwanangu, salamu sana. Sisi wazima, nyanyako pia mzima, anakuulizia kila siku. Nakujibu lile swali lako kwa kuandika manake kwenye simu najua nitapandisha sauti, wewe utanyamaza, na tutakata hakuna kilichosemwa.

Umeniuliza kama nitakasirika ukisaini na klabu yangu ya zamani ya spidiwei, hizi mbio zetu za pikipiki. La, sitakasirika. Uwanja ule ni mzuri kwa kijana, kona zake pana na mtu wa nje ana nafasi ya kupita, sio vile viwanja ambavyo ukichelewa kwenye utepe wa kuanzia basi mbio imeisha. Lakini yaliyopita kati yangu na wao umeyasikia vipande vipande kwa watu, na sitaki uje uyasikie kwa fundi wa mtu mwingine wakati umeshavaa kizibao chao cha timu, bora uyasikie kwangu mimi babako.

Hesabu ya wastani unaijua, pointi zako ujumlishe na za bonasi, zile za kumaliza nyuma tu ya mwenzako wa timu mkiwa mbele ya mpinzani, ugawe kwa mbio ulizokimbia, uzidishe kwa 4. Ukikimbia mbio 5 ukapata pointi 9 na bonasi 1, wastani wako siku hiyo ni 8. Sasa mapromota wa Uingereza, wale wanaoendesha klabu, wakikaa kikao chao msimu ukiisha wanaweka kikomo, na wastani wa watu wa timu ukiujumlisha pamoja usizidi hapo. Nia yake naielewa, wanazuia tajiri mmoja asikusanye mabingwa wote huku wengine wanafunga milango, na mpaka leo siipingi. Ila kwa mwendeshaji maana yake ni kwamba ukipanda sana unakuwa mzigo kwa walewale waliokulea. Mimi nilienda pale kijana wa akiba, wastani wangu mdogo, nafaa kwenye hesabu yoyote, kila mtu ananipenda. Nikapanda msimu baada ya msimu, na ule wa kumi ndo ulikuwa bora kuliko yote, nikapita 8, nikawa nawekwa mbio ya kwanza na ile ya 15 ya mwisho ambayo meneja anaweka watu anaowaamini. Novemba promota akanipigia simu akasema hesabu haikubali, wanachukua vijana wawili badala yangu, ananitakia kila la heri. Basi, akakata. Hakuniita ofisini, hakuandika barua, na kwenye programu ya msimu uliofuata, kile kijitabu cha mechi, hapakuwa hata na mstari mmoja wa kusema fulani ameondoka, ahsante.

Na msimu wa kumi una uzito wake mwanangu, ndo maana inaniuma. Desturi kule, aliyekaa klabu moja miaka kumi anapewa siku yake, mechi ya heshima, rafiki zake wanakuja kukimbia na mapato ya mlangoni yanakuwa yake. Ndo kiinua mgongo chetu kile, manake sisi ni watu wa kujiajiri, injini unanunua mwenyewe, tairi mwenyewe, van mwenyewe, fundi unamlipa wewe, na pesa inakuja kwa pointi, ukianguka mzunguko wa kwanza umerudi nyumbani na vyuma vilivyopinda. Ile siku nilikuwa nimeahidiwa kwa mdomo, ati mwaka ujao inshallah tutaipanga vizuri. Mwaka ujao sikuwa wao tena. Lakini usajili wangu ulibaki kwao! Walinikopesha klabu nyingine na ile klabu ikawa inawalipa ada kila msimu, kwa hiyo mimi nilikuwa natafuta pointi kwa watu wengine na ofisi iliyonikatia simu inaendelea kupokea kwa jina langu. Ilikuwa halali kabisa, sheria za ligi ziliruhusu, na mimi siwaiti wezi. Nasema tu iliniuma na bado inaniuma, na mtu asikwambie babako ana roho ndogo.

Halafu nikavunjika paja. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka magongo tu. Kutoka ofisini hakuna aliyepiga simu. Lakini mashabiki wa klabu ya zamani, sio ile niliyokuwa naikimbilia wakati huo, walisimama nje ya geti na ndoo, kwenye mvua, ndani hawakuruhusiwa, wakachangisha sarafu na noti wakatuletea hospitali kwenye mfuko wa supamaketi na kadi imejaa majina mpaka nyuma. Kodi ya nyumba tulilipa na pesa ile, muulize mamako. Watu kama hao ndo naita klabu mimi, wanaosimama kona ya kwanza miaka nenda miaka rudi wanapigwa na udongo usoni na wanaandika matokeo kwa kalamu. Nao sina ugomvi hata chembe, na ukisaini utakuwa unawakimbilia wao.

Hiyo ya mabango pia nikueleze manake najua ilikuaibisha shuleni. Walipofanya sherehe ya kumbukumbu walichapisha picha yangu kubwa wakauza tiketi kwamba nitakuwepo, na mimi hakuna aliyeniuliza. Nilikataa kwenda. Watu wakasema najiona. Mtu akitaka sura yangu ilete watu mlangoni aniulize kwanza, na aliyenyimwa siku yake usimwite siku yako ukamtaka acheke kwenye kamera. Ningekataa tena leo.

Nao wana shida zao, naziona. Mapromota wengi kule uwanja sio wao, wamepanga kwa wenye mbio za mbwa au mwenye ardhi anayesubiri kujenga nyumba. Klabu ya Wimbledon ilikwisha 2005, uwanja wa Brandon pale Coventry hapajasikika injini ya spidiwei tangu 2016, halafu 2023 tukapoteza klabu za Peterborough na Wolverhampton mwaka mmoja. Mtu anayeendesha biashara namna hiyo analala na kikokotoo chini ya mto, sawa, lakini kumwita mtu ofisini ukamshika mkono ukamwambia ahsante hakuna gharama yoyote. Na usidhani ni klabu ndogo tu ambazo watu wanaachana. Zmarzlik, yule bingwa wa Poland, ni mtoto wa klabu ya Gorzów, walimlea wao, ubingwa wa dunia 2019, 2020 na 2022 aliuchukua akiwa wao, na msimu wa 2023 alikuwa klabu nyingine, Lublin. Sijui walivyoagana moyoni, ila ukitazama unaona hata wa juu kabisa anaweza kubadilisha rangi, kwa hiyo wewe usiweke maisha yako yote kwenye kizibao kimoja kama nilivyoweka mimi, kipende, kikimbilie, lakini maisha yako yawe yako.

Sasa kabla hujasaini. Uliza usajili wako utakuwa wa nani, wako au wao, na ukitaka kuondoka inakuwaje, waandike, usikubali neno la mdomo hata likisemwa na mtu mzuri, manake mtu mzuri anauza klabu kesho na anayekuja anakwambia mimi sikuahidi kitu. Uliza bima inalipa nini ukivunjika na inalipa kuanzia lini. Nenda kautazame ukuta wa kona kwa macho yako, wakuonyeshe ule wa hewa, wa kumpokea anayeanguka, umejazwa na umefungwa vizuri, usione haya kuushika. Pikipiki haina breki baba, ukikosea unaishia pale, na mimi sijasahau mwendeshaji mwenzetu Lee Richardson tuliyempoteza kule Poland, Wrocław, Mei 2012, wala Darcy Ward aliyeanguka Zielona Góra, Poland hiyohiyo, 2015, kijana wa miaka 23 na kipaji kile, mpaka leo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Na ukiwa na homa au kichwa kinauma baada ya kuanguka usipande, hata meneja akikubembeleza wanakosa pointi moja tu kushinda.

Jambo lingine na hili nakuomba kama baba. Usikubali wakuuze kwa jina langu. Wakitaka kuandika kwenye programu mtoto wa fulani amerudi nyumbani, waambie hapana, waandike jina lako na wastani wako. Ukiwa mbaya wakuache kwa ubaya wako na ukiwa mzuri wakulipe kwa uzuri wako, mimi nisiwe ndani ya hesabu hiyo. Na usiende kunilipizia pia, usiende kuwaonyesha walichopoteza, hasira inakufanya ufungue gesi mapema kwenye kona na tairi la nyuma halisamehe.

Suti yangu ya ngozi iko kwa shangazi yako Leicester, usiivae mechi, ni ya zamani haina kinga ya mgongo ya siku hizi. Kile kiatu cha chuma cha mguu wa kushoto chukua ukitaka, tulikuwa saizi moja mara ya mwisho.

Wakikuuliza kama nitakuja mechi yako ya kwanza waambie nitakuja. Pasi ya wageni wasiniwekee. Nitapanga foleni na watu, nitalipa kiingilio changu, na nitasimama kona ya kwanza na wale wa ndoo.

Nipigie ukishasoma mkataba, kabla hujatia sahihi, sio baada.

Babako